Injini Mbili na Mlango wa Ngazi

Anayeingia ndani ya Cessna 421 hakanyagi bawa wala hajipenyezi ubavuni, kama ilivyo kwenye ndege ndogo za kawaida. Mlango uko nyuma, upande wa kushoto: nusu ya juu hufunguka kwenda juu, nusu ya chini hulala na kuwa ngazi. Abiria hupanda, huinamisha kichwa, hupita kati ya viti vinavyotazamana kama vya sebuleni, na rubani naye hufuata njia hiyo hiyo mpaka kwenye usukani. Ni ndege ya pistoni, yaani injini zake ni za silinda na plagi kama za gari, lakini aliyeketi ndani anaweza kudhani amekodi jeti. Mlango huo umewashawishi wanunuzi wengi kuliko takwimu yoyote ya kasi.

Kiwanda cha Cessna kilichopo Wichita, jimbo la Kansas, kilianza kuiuza 421 mwaka 1967 na kuacha mwaka 1985, zikiwa zimetoka zaidi ya 1,900. Ushindani ulikuwa mkali wakati huo. Piper walikuwa na Navajo na Chieftain, Beechcraft walikuwa na Duke, na Cessna wenyewe walikuwa na 340, 402, 404 na 414 kando ya 421. Kisha soko likaanguka. Kesi za ajali na bima zake ziliwaelemea watengenezaji, wateja wenye fedha wakahamia turbaini, na mwaka 1986 Cessna ikasimamisha ndege zake zote za pistoni. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha miaka 18 kwa kesi dhidi ya watengenezaji wa ndege ndogo, na miaka miwili baadaye Cessna ikarudi kwenye pistoni, ila kwa ndege za injini moja tu. Za injini mbili hazikurudi. Kwa hiyo anayenunua 421 leo ananunua ndege yenye umri wa miaka 40 au zaidi, hata kama rangi ilipigwa jana.

Hapo ndipo fumbo la bei linapoanzia. Cirrus SR22T mpya, ya injini moja, hupita dola milioni 1 ikiwa na vifaa kamili. Ndege ya toleo la 421C iliyotunzwa vizuri hupatikana kwa sehemu tu ya fedha hizo, nayo hubeba watu sita hadi wanane, kabini yake ina shinikizo la hewa, hupanda zaidi ya futi 20,000 na kwenda karibu kilomita 400 kwa saa. Mnunuzi akiishia kwenye hesabu hiyo ataona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Lakini bei ya ndege kuukuu hupangwa na soko, ilhali gharama ya kuitunza hufuata ukubwa na ugumu wa ndege yenyewe. Muuza spea hajali kwamba aliyekuja dukani alinunua ndege yake kwa robo ya thamani iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani.

Tuchukue kalamu. 421C hunywa petroli ya ndege, avgasi, kiasi cha galoni 40 kwa saa, yaani lita 150. Galoni ikiwa dola 6, hizo ni dola 240. Injini zake ni Continental GTSIO-520, kila moja ina nguvu farasi 375, na kiwanda kinapendekeza zifumuliwe na kuundwa upya kila baada ya saa 1,600. Tuseme kila injini inadai dola 100,000 kwa kazi hiyo. Basi kila saa ndege iwapo hewani, mwenyewe anapaswa kuweka kando dola 125 kwa ajili ya injini mbili. Hapo bado bima, hanga, ukaguzi wa mwaka na mafunzo ya rubani, ambavyo havipungui hata ndege isiporuka.

Kuna kipengele ambacho wanunuzi wengi hukipita haraka: kalenda. Continental haihesabu saa peke yake. Inapendekeza pia injini ifumuliwe ikishafika miaka 12, saa ziwe nyingi au chache. Anayeruka saa 50 kwa mwaka atakuwa ametumia saa 600 tu muda huo ukifika. Hilo lina sababu yake ya kifundi. Injini inayoruka mara kwa mara huchemsha oili na kufukuza unyevu, na kila chuma ndani yake hubaki kimepakwa oili. Inayolala hangani miezi mitatu hukaukiwa, kutu ikashika kamshafti na kuta za silinda. Tangazo linalosema injini ina saa chache tangu ilipofumuliwa lina maana pale tu linapotaja pia saa hizo zilirukwa ndani ya miaka mingapi. Saa 200 ndani ya mwaka mmoja na nusu ni sifa. Saa 200 ndani ya miaka 14 ni deni.

Injini ya 421 ina tabia nyingine inayoitofautisha na ya 414 au ya Chieftain: kati ya kranki na propela kuna gea. Injini huzunguka karibu mara 3,400 kwa dakika huku propela ikizunguka kama mara 2,270. Propela ya mwendo wa polepole hufanya kelele ndogo, na kwa sababu hiyo kabini ya 421 inasifiwa kwa utulivu hadi leo. Gea hizo zinamtaka rubani awe na adabu. Akivuta mkono wa nguvu kwa ghafula anaposhuka, hewa huanza kuisukuma propela, propela ikaisukuma injini, na meno ya gea yakagongana kwa upande ambao hayakuundwa kubebea mzigo. Fundi ataona matokeo yake baada ya miaka, na bili itamfikia mmiliki ambaye huenda hakuwa rubani wa siku hiyo. Ndiyo maana wanaozijua 421 humkagua muuzaji pamoja na ndege. Wanataka kujua alifundishwa na nani, aliruka mara ngapi, na anapanga vipi kushuka kutoka juu.

Fundi anayemkagulia mnunuzi haanzi kazi yake kwenye dashibodi. Anafungua vifuniko vya injini, anachukua tochi na kioo kidogo cha mpini mrefu, anaanza na ekzosi. Katika ndege hizi zenye turbo, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, moshi hutoka kwenye silinda ukiwa na joto kali, hupita kwenye mabomba yaliyounganishwa kwa vibano, huzungusha turbo, kisha hutoka nje. Mabomba hayo yako jirani na mabomba ya petroli na ukuta unaotenganisha injini na bawa. Ufa mdogo huacha alama ya unga mweupe au wa kijivu kwenye kiungo. Alama hiyo ndiyo anayoitafuta. Gesi ikivuja hapo huweza kutoboa chuma kilicho mbele yake kama mwali wa kuchomelea. Baada ya ajali kadhaa, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilitoa mwaka 2000 amri inayowalazimisha wenye Cessna za injini mbili zenye turbo kukagua ekzosi mara kwa mara. Mwaka 2023 ikaongeza amri nyingine kwa ndege za pistoni zenye turbo kwa jumla: aina fulani ya vibano vya ekzosi, vile vyenye vipande vilivyounganishwa kwa nukta za kuchomelea, vitupwe kabla ya kuzidi saa 500.

Kipo pia kitu ambacho kioo na tochi havitoshi kukiona, nacho ni uchovu wa chuma. Nyufa zilipogunduliwa kwenye mihimili ya mabawa ya Cessna 402C, FAA iliamuru mwaka 2005 mabawa ya 402C na 414A yafungwe ukanda wa kuimarisha mhimili. Ni kazi ya kufumua sehemu kubwa ya ndege, si ya mwisho wa wiki. Ndege ambayo imeshafungwa ukanda huo na ambayo haijafungwa zinaweza kufanana kabisa kwenye picha za tangazo. Vitabu vya kumbukumbu ndivyo vinavyozitenganisha, na mnunuzi asiyevisoma ukurasa kwa ukurasa, au asiyemlipa mtu avisome, ananunua gunia limefungwa mdomo.

Baada ya haya yote ndipo swali la maboresho linapokuwa na maana. Nchini Marekani kila badiliko la maana kwenye ndege iliyokwisha idhinishwa hudai cheti cha nyongeza kutoka FAA, na kwa Cessna na Piper hizi vyeti hivyo ni vingi. Kampuni ya RAM ya Waco, Texas, imejijengea jina kwa kuunda upya injini za 340, 414 na 421. Kwenye 414A huzipandisha kutoka farasi 310 hadi 335 na zaidi. Kampuni ya Colemill ya Nashville, Tennessee, iliichukua Navajo ikaifunga injini za farasi 350 na propela za mapanga manne, ikaiita Panther. Wapo wanaouza vibati vidogo vya kubandika juu ya bawa, safu nzima ya vipande visivyozidi ukubwa wa vidole viwili, ambavyo huuchangamsha mkondo wa hewa ili ung'ang'anie bawa kwa muda mrefu zaidi. Vibati hivyo hupunguza kasi ambayo bawa huishiwa uwezo wa kubeba, na kwa Chieftain huruhusu uzito wa kuruka uongezwe kwa zaidi ya kilo 160.

Hapo pa kilo 160 panahitaji tahadhari. Uzito ulioongezwa kwenye karatasi hauziongezi injini nguvu. Ndege inaruhusiwa kubeba mtu mmoja zaidi na mizigo yake, lakini injini moja ikizima muda mfupi baada ya kuruka, ile iliyobaki ndiyo itakayombeba. Vibati vina faida ya kweli, hasa kwa kuipa ndege utulivu kwenye kasi ndogo, na mwenye busara huvifunga kwa ajili ya faida hiyo na kuiacha nyongeza ya uzito kwa siku ya dharura.

Fedha za kwanza za maboresho, kwa maoni ya mwandishi huyu, ziende kwenye kifaa kisichovutia macho: kipima injini cha kielektroniki kinachosoma joto la kila silinda na la moshi wake, na kuhifadhi kumbukumbu zote. Kiwandani 421 ilitoka na mishale michache inayoonyesha hali ya silinda moja kwa niaba ya zote sita. Kipimaji cha leo kwa ndege ya injini mbili husoma zote kumi na mbili. Vali inayoanza kuungua hujionyesha kwenye mchoro wa joto la moshi saa nyingi kabla ya kuvunjika, na mmiliki anayepakua kumbukumbu hizo kila mwezi hubadilisha silinda moja hangani pale alipopanga, badala ya kuipoteza juu ya milima.

Ya pili ni otopailoti. Ile iliyokuja na ndege, Navomatic ya miaka ya 1970, sasa ni mzigo: spea hazipatikani kwa urahisi na mafundi wanaoifahamu wanastaafu. Otopailoti mpya kama Garmin GFC 600 hushika mwelekeo na kimo, na ina kitufe cha kuirudisha ndege kwenye usawa rubani anapochanganyikiwa mawinguni. Kwa mtu anayeruka peke yake ndani ya ndege yenye uzito wa zaidi ya tani tatu, usiku, kwenye mvua, hicho ni kama kumpata mwenza. Skrini kubwa za ramani na hali ya hewa zinafuata nyuma ya hapo. Ngozi ya viti na rangi ziwe za mwisho, ingawa ndizo zinazouza ndege. Fedha za maboresho hurudi kwa sehemu tu ndege inapouzwa. Anayeboresha inafaa aboreshe kwa sababu atairuka mwenyewe kwa miaka.

Injini ya pili ndiyo inayonunuliwa kwa hofu na kutetewa kwa mapenzi. Hoja yake haina utata: juu ya bahari, msitu au milima usiku, injini moja ikifa kuna nyingine. Hoja dhidi yake nayo ni ya hesabu. Kupanda hutegemea nguvu inayobaki baada ya ile inayohitajika kuishikilia ndege isishuke. Kwa hiyo ndege ikipoteza injini moja hupoteza nusu ya nguvu, lakini asilimia 80 au zaidi ya uwezo wa kupanda. Tena inataka kugeuka. Injini hai inasukuma upande mmoja, iliyokufa inavuta upande wa pili, na chini ya kasi iliyopigwa mstari mwekundu kwenye kipima kasi, usukani wa mkia haushindi tena.

Rubani ana sekunde chache. Anashika mwelekeo kwa mguu, anahakikisha nguvu yote iko mbele, anakunja magurudumu. Mguu uliolegea ndio upande wa injini iliyokufa. Walimu huwakaririsha wanafunzi hilo mpaka waliote. Anavuta mkono wa nguvu wa upande huo taratibu kuthibitisha, na kelele isipobadilika anajua hakukosea. Kisha anayageuza mapanga ya propela yaelekee mkondo wa hewa ili yasiwe breki, analaza ndege kidogo upande wa injini hai, na kuitafuta kasi ya mstari wa buluu, ile ya kupanda vizuri zaidi kwa injini moja. Anayefanya hayo kila mwaka kwenye mashine ya mazoezi ana injini mbili za kweli. Asiyefanya ana uwezekano maradufu wa injini kuharibika, na kampuni nyingi za bima Marekani zinalijua hilo, ndiyo maana hukataa kumkatia bima asiyerudi darasani kila mwaka.

Kimo cha uwanja huongeza uzito wa hoja hii. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa jua kali ndege huhisi kama iko juu zaidi ya hapo. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo pale Wilson huanza safari ikiwa imeshapungukiwa na takriban asilimia 17. Turbo huirudisha nguvu hiyo, na hii ni sababu mojawapo ya Cessna 402 na 404 na Navajo kupendwa sana huko kwa miaka mingi. Mabawa na propela, hata hivyo, bado yanafanya kazi kwenye hewa nyepesi. Turbo haisaidii hapo.

Kilichoziondoa polepole ndege hizo katika huduma za Afrika Mashariki hakikuwa usalama peke yake. Kilikuwa pia mafuta. Avgasi hupatikana viwanja vichache, wakati mafuta ya jeti yapo kila ndege kubwa inapotua. Cessna Caravan, iliyoidhinishwa mwaka 1984, ina injini moja ya turbaini, hunywa mafuta ya jeti, hutua kwenye changarawe na magurudumu yake hayakunjwi. Mwendeshaji wa safari za mbugani aliyekuwa na pipa la avgasi porini alipiga hesabu yake, akaona injini moja ya turbaini inayoaminika inamfaa kuliko mbili za pistoni zinazodai fundi kila wiki.

Wamiliki wa Marekani nao huulizana kama wafunge turbaini kwenye ndege zao. Kampuni ya Rocket Engineering ya Spokane, jimbo la Washington, imeifanyia hivyo Beechcraft Duke, ndege ya kupendeza iliyosumbuliwa na injini zake, na matokeo yake hupanda kwa kasi ya kushangaza. Ila viwanda vyenyewe vililijibu swali hili zamani. Piper walichukua Navajo yenye shinikizo wakaifunga turbaini, wakapata Cheyenne. Cessna walifanya hivyo kwa 421 wakapata 425, iliyoanza kuuzwa karibu na mwisho wa mwaka 1980. Anayetamani 421 ya turbaini anaweza kununua 425 iliyobuniwa kiwandani kwa ajili hiyo, ikiwa na vitabu na spea zake, na mara nyingi hilo ni jambo la akili kuliko kulipia ndege mara mbili.

Mfano wa kinyume unatoka Massachusetts. Cape Air, shirika la Hyannis lililorusha makumi ya Cessna 402C kwa miongo mingi kati ya visiwa na miji midogo, halikuhamia kwenye turbaini lilipotaka ndege mpya. Lilishirikiana na Tecnam wa Italia kuunda P2012 Traveller, iliyoanza kazi mwaka 2019: injini mbili za pistoni za Lycoming zenye turbo, farasi 375 kila moja, zinazosimamiwa kielektroniki, viti tisa vya abiria. Magurudumu hayakunjwi. Kabini haina shinikizo. Wabunifu waliondoa kwa makusudi vitu viwili ambavyo hula muda wa fundi, wakakubali kupoteza kasi. Mwenye 421 akiitazama P2012 ataona orodha ya bili zake imegeuzwa kuwa mchoro wa ndege.

Lycoming hizo na Continental za 421 zinakabiliwa na tatizo moja. Avgasi ya kawaida, 100LL, ina madini ya risasi, na sekta nchini Marekani pamoja na FAA wamejiwekea lengo la kuiacha ifikapo mwisho wa mwaka 2030. Inakadiriwa kwamba theluthi ya ndege za pistoni, zile zenye injini kubwa na zenye turbo, ndizo zinazotumia kama asilimia 70 ya avgasi yote, na nyingi kati ya hizo haziwezi kuruka kwa petroli hafifu zaidi. Kampuni ya GAMI ya Ada, Oklahoma, ilipata idhini ya FAA mwezi Septemba 2022 kwa petroli isiyo na risasi iitwayo G100UL, kwa kila injini ya ndege inayowashwa kwa plagi. Uwanja wa Reid-Hillview, San Jose, uliokwisha acha kuuza avgasi yenye risasi tangu Januari 2022, ulianza kuuza G100UL mwishoni mwa mwaka 2024. Baadhi ya wamiliki wakaripoti rangi kubabuka na gundi ya matangi kulainika. GAMI inasisitiza petroli yake ni salama, na mabishano hayajaisha. 421C hubeba petroli ndani ya bawa lenyewe, bila mfuko wala tangi la kutoa, ikizuiwa na gundi kwenye mishono. Siku hizi wenye ndege hizo hupiga magoti chini ya bawa na tochi kabla ya safari, wakifuata kwa kidole mstari wa riveti kutafuta doa la unyevu.